Barua ya Tuhuma Imefika: Mwalimu Aijibu Vipi?

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa chama chetu, walimu wenzangu,

Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo ambalo kila mmoja wetu huomba lisimfike, nalo ni mwalimu kutuhumiwa kwa utovu wa nidhamu na namna anavyopaswa kuijibu tuhuma hiyo. Nimeshika chaki kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa pia mwakilishi wa walimu, yaani yule anayeketi ubavuni mwa mwenzake mbele ya kamati ya nidhamu na kumsogezea maji sauti inapomkauka. Kabla ya kuketi hapo ubavuni, hata hivyo, niliwahi kuketi kwenye kiti chenyewe cha mtuhumiwa. Nitaanzia hapo, kwa sababu mengi niliyoyasoma baadaye katika kanuni yalikuwa yameshanipata.

Nilikuwa mwalimu wa zamu. Wakati wa mapumziko nilisikia kelele nyuma ya madarasa, nikakimbia, nikakuta wavulana wawili wameshikana, mmoja amemkalia mwenzake kifuani. Nilimshika yule wa juu mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, nikamvuta kwa nguvu mpaka akasimama. Ugomvi ukaisha, kengele ikalia, nami nikaingia darasani kufundisha kipindi changu kana kwamba hakuna lililotokea. Siku tatu baadaye niliitwa ofisini nikakabidhiwa bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya nusu ukurasa iliyosema kwamba ninatuhumiwa kumshambulia mwanafunzi na kumwumiza mkono, na kwamba ninapewa siku saba za kujieleza kwa maandishi.

Usiku ule niliandika kurasa nne. Sentensi ya kwanza ilisema: "Sikumgusa mtoto huyo hata kwa ncha ya kidole." Zilizofuata zilieleza utoro wa mtoto, alama zake mbaya, maneno ambayo mama yake aliwahi kunitolea katika kikao cha wazazi, na wivu wa walimu wenzangu fulani ambao, kwa jinsi nilivyokuwa nimeamini usiku ule, ndio waliosuka njama yote. Asubuhi nilimpa azisome mwalimu mmoja mkongwe, mama aliyeanza kufundisha kabla mimi sijaanza shule. Alizisoma zote bila haraka, akazikunja, akaniuliza: "Mwanangu, yule mtoto ana alama mkononi. Kaiweka nani?" Nilinyamaza. Akasema: "Basi sentensi yako ya kwanza si ya kweli. Atakayeisoma hiyo hana sababu ya kuziamini zilizobaki."

Barua niliyoipeleka mwishowe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba siku hiyo, wakati wa mapumziko, nikiwa mwalimu wa zamu, nilimshika mwanafunzi huyo mkono wa kulia na kumvuta ili kumwondoa juu ya mwenzake. Kwamba nilimshika kwa nguvu na huenda alama iliyoonekana ilitokana na mshiko huo. Kwamba sikumpiga kabla wala baada ya hapo. Na kwamba walikuwapo wanafunzi walioshuhudia, ambao niliomba wahojiwe na mtu mwingine, si mimi. Ilisema pia jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, kwamba sikuliandika tukio hilo katika kitabu cha zamu wala sikumpeleka mtoto kupata huduma ya kwanza, ingawa wajibu huo ulikuwa wangu. Kamati iliona kwamba shambulio halikuthibitika. Nilipewa onyo la maandishi kwa kutotoa taarifa, na onyo hilo nilistahili.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo ninalotaka kulisema leo. Tangu siku ile nimekaa na walimu wengi katika hali kama yangu, na nimeona wengi wakianguka si kwa tendo walilotuhumiwa, bali kwa walichokifanya baada ya barua kufika. Kuna aliyekataa kila kitu pamoja na kile ambacho kila mtu alikiona. Kuna aliyemfuata mtoto nyumbani. Kuna aliyefuta ujumbe katika simu yake, ujumbe ambao haukuwa na ubaya wowote, kisha akashindwa kueleza kwa nini aliufuta. Tuhuma moja ikazaa mbili, na ile ya pili ndiyo iliyokuwa na ushahidi.

Kwa hiyo naomba tuanze na saa zile za kwanza, ambapo moyo unakwenda mbio na akili inakwenda polepole. Ukishapokea barua, au ukiitwa na kuambiwa kwa mdomo kwamba kuna malalamiko dhidi yako, usimtafute mtoto. Usimtafute kwa hasira, na zaidi usimtafute kwa upole. Mwalimu mmoja niliyemwakilisha alimsimamisha mwanafunzi koridoni ili kumwambia tu kwamba hana kinyongo naye, na nina hakika alikuwa anasema kweli. Lakini mbele ya kamati maneno hayo yalionekana kama njia ya kumfanya mtoto alegeze maelezo yake, na sikuwa na jibu la kuwapa. Mtoto anayemwona mwalimu anamjia peke yake wakati kuna shauri kati yao hasikii upole. Anasikia uzito wa mtu mzima mwenye mamlaka juu yake. Usiwatume pia wenzake, wala kaka zake, wala mwalimu rafiki yako akusemee.

Usiende kwa wazazi kuyamaliza pembeni. Najua ushauri huu hauwapendezi wengi, kwa sababu kusuluhishana ni tabia njema na sote tumelelewa hivyo. Hata hivyo, tuhuma ya kumdhuru mtoto si ugomvi wa watu wazima wawili ambao wanaweza kushikana mikono ukaisha. Kama tuhuma si ya kweli, mazungumzo ya pembeni yatakuandama kama dalili ya hatia, hasa ikiwa kulikuwa na fedha au ahadi. Kama ni ya kweli, mazungumzo hayo yanamzika mtoto mzima mzima, na aliyemdhuru anapata nafasi ya kurudia. Sijawahi kukubali kuketi katika kikao cha namna hiyo na sitakubali.

Usifute chochote. Simu, barua pepe, picha, karatasi za mtihani, daftari la mahudhurio, andalio la somo la siku hiyo, vyote viache kama vilivyo na utengeneze nakala za vile ulivyo na ruhusa ya kuwa navyo. Usiandike kitu katika kundi la WhatsApp la walimu, hata kuomba dua, kwa kuwa ujumbe wa kundi hauna mwenyewe na utasambaa kabla hujaweka simu chini. Usijiuzulu kwa aibu usiku huohuo. Na usitie sahihi karatasi yoyote zaidi ya ile ya kuthibitisha kwamba umepokea barua, mpaka umeisoma ukiwa umetulia na mtu mwingine ameisoma pamoja nawe.

Kitu kimoja tu nakusihi ukifanye siku hiyohiyo, tena kabla ya kulala, nacho ni kuandika kwa ajili yako mwenyewe kila unachokikumbuka. Andika ulikuwa wapi, saa ngapi, nani alikuwa karibu, ulisema maneno gani hasa, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, ulikuwa umevaa nini, ulitoka hapo ukaenda wapi. Usichokikumbuka, andika kwamba hukikumbuki. Weka tarehe na saa uliyoandika. Hayo bado si maelezo ya kuipelekea kamati, ni kumbukumbu tu, na kazi yake ni kukuzuia usianze kukumbuka kile unachotamani kingelikuwa. Kumbukumbu ya mtu aliyetuhumiwa hubadilika upesi mno. Baada ya wiki mbili za kujirudia kichwani, utakuwa na hakika ya mambo ambayo siku ya kwanza hukuwa na hakika nayo, na hutajua kwamba yamebadilika.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Isome kama unavyosahihisha insha, neno kwa neno. Je, inasema ni tendo gani? Lilitendeka lini na wapi? Linadaiwa kuvunja kanuni ipi? Inakupa muda gani wa kujibu, na jibu lipelekwe kwa nani? Nimeona barua zinazosema tu kwamba mwalimu "ana mwenendo usiofaa kwa wanafunzi". Tuhuma kama hiyo haijibiki. Ukijaribu kuijibu utajikuta unajieleza maisha yako yote, na katika kujieleza huko utatoa mambo ambayo hakuna aliyekuwa anayauliza. Jibu la kwanza kwa barua ya namna hiyo ni barua fupi ya heshima inayoomba ufafanuzi wa tendo, tarehe na mahali, na kuomba muda wa kujieleza uanze kuhesabiwa baada ya ufafanuzi kutolewa. Ipeleke ndani ya muda uliopewa, usingoje ufafanuzi ndipo uandike.

Haki ya kuomba hivyo hukuibuni wewe. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, mkutano wa serikali ulioitishwa na UNESCO kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, na ni kwa ajili ya tarehe hiyo kwamba tangu mwaka 1994 ulimwengu huadhimisha Siku ya Walimu kila tarehe 5 Oktoba. Tunaimba na kuandamana siku hiyo, lakini ni wachache waliowahi kusoma ibara ya 50 ya waraka wenyewe. Inasema kwamba katika kila hatua ya shauri la nidhamu mwalimu aelezwe kwa maandishi tuhuma zake na misingi yake. Aone ushahidi wote. Ajitetee na atetewe na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe, akiwa na muda wa kutosha wa kujiandaa. Apewe uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake. Na aweze kukata rufaa katika chombo kinachojulikana wazi. Pendekezo si sheria inayoibana serikali kama mkataba ulioridhiwa unavyoibana, na hilo lazima tulikubali. Lakini ni kipimo kilichokubaliwa na mataifa, na mambo hayo hayo utayakuta, kwa maneno tofauti, katika kanuni za utumishi za nchi nyingi. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, nao unasema katika ibara ya 7 kwamba mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu za mwenendo kabla hajapewa nafasi ya kujitetea, isipokuwa pale ambapo mwajiri hawezi kutarajiwa kutoa nafasi hiyo. Tafuta kanuni za mahali unapofanyia kazi na uzisome kabla hujazihitaji. Mtu mwenye homa hasomi vizuri maelekezo ya dawa.

Katika kuandika jibu lako, jibu tuhuma moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule wa barua. Kwa kila tendo kuna majibu machache tu yanayowezekana: nimelitenda, sikulitenda, nililitenda lakini si hivyo linavyoelezwa, au sikumbuki. Chagua moja na useme kwa sentensi nyepesi, kisha utaje kinachounga mkono neno lako: rejista, kitabu cha zamu, ratiba, jina la aliyekuwapo. Jibu la tatu, lile la "nililitenda lakini si hivyo", ndilo gumu kuliko yote kuandika, na kwa uzoefu wangu ndilo huwa la kweli mara nyingi zaidi. Mwalimu aliyetuhumiwa kumtukana mwanafunzi huandika kwamba hajawahi kumtukana mtu tangu azaliwe, ilhali alichokisema hasa ni neno kali ambalo yeye halioni kuwa tusi. Basi aliandike neno hilo lenyewe. Aliandike kama alivyolisema, hata likimwaibisha, kwa maana kamati ikilisikia kwanza kutoka kwa mtoto italiona kama siri iliyofichuliwa, na ikilisikia kwanza kutoka kwake italipima kama neno.

Na yako mambo ya kuachwa nje ya barua hiyo. Nidhamu mbaya ya mtoto iache, isipokuwa kama inahusu tukio lenyewe. Familia yake iache. Sifa zako za miaka ishirini zitaje kwa sentensi moja mwishoni, kwa kuwa kamati haijaulizwa kama wewe ni mtu mwema. Na nadharia ya njama iache kabisa kama huna ushahidi wake mkononi. Inawezekana kweli kuna mtu anayekuchukia, hayo yapo katika kila ofisi ya walimu, lakini mtu anayekuchukia anaweza pia kuwa ameona jambo lililotokea kweli.

Walimu wenzangu, sasa niseme la mtoto, ambalo ndilo zito. Watu wakisikia mwakilishi wa walimu anazungumzia tuhuma, hudhani amekuja kuwafundisha walimu namna ya kuponyoka. Sikuja kwa ajili hiyo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto, katika ibara ya 12, haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika shauri linalomhusu, na katika ibara ya 19 unazitaka nchi zimlinde dhidi ya ukatili wa kila namna akiwa chini ya uangalizi wa watu wazima. Sisi ndio hao watu wazima. Mtoto anayelalamika ametumia haki yake, na mwalimu asiye na hatia ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuiheshimu haki hiyo, kwani wakati wote mwingine ndiye anayewaambia watoto kwamba wakifanyiwa vibaya waseme.

Kosa ninaloliona mara kwa mara katika barua za kujitetea ni sentensi hii: "Kama ni kweli, mbona hakusema siku ileile?" Mwandishi anaiona kuwa ni hoja ya kumaliza mambo, nayo haimalizi chochote. Nchini Australia Tume ya Kifalme iliundwa mwaka 2013 kuchunguza jinsi taasisi, zikiwemo shule, zilivyoshughulikia udhalilishaji wa kingono wa watoto. Ilipotoa taarifa yake ya mwisho Desemba 2017 ilikuwa imewasikiliza walioathirika katika vikao vya faragha zaidi ya 8,000, na ilikuta kwamba kwa wastani waliozungumza nayo walichukua karibu miaka 24 kabla ya kumweleza mtu yaliyowapata. Miaka 24. Mtoto wa miaka kumi anakuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nne ndipo anapata ulimi. Tume hiyo ilionyesha pia jinsi viongozi wa taasisi nyingi walivyotanguliza jina la taasisi mbele ya usalama wa mtoto. Anayeandika kwamba kuchelewa ni dalili ya uongo anaandika kitu ambacho ushahidi umekikanusha, na wajumbe wa kamati waliosoma watamtazama kwa jicho jingine.

Lakini kumsikiliza mtoto kunahitaji ujuzi, na pasipo ujuzi anayeumia ni mtoto huyohuyo pamoja na mtuhumiwa. Mwaka 1983, katika jimbo la California nchini Marekani, zilianza tuhuma dhidi ya wafanyakazi wa shule ya chekechea ya McMartin. Watoto wengi walihojiwa kwa maswali ya kuwaongoza, yale yanayobeba jibu ndani yake, na kurudiwa pale mtoto aliposema hapana. Kesi ilivuta mpaka mwaka 1990 na ikaisha bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani, na mahojiano yale yamekuwa tangu hapo mfano unaotajwa wa jinsi mtoto mdogo asivyopaswa kuhojiwa. Ndiyo maana nasema mwalimu asimhoji mtoto, mwalimu mkuu asimhoji mtoto mara tatu mbele ya wajumbe wanane, na mwakilishi wa chama pia asimhoji. Ahojiwe na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, kwa maswali ya wazi, mara chache iwezekanavyo, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Mwalimu aliyesingiziwa ana kila sababu ya kuomba uchunguzi mzuri, kwani uchunguzi mbaya utamwacha na doa hata akishinda.

Kama tuhuma ni ya jinai, mambo hubadilika, na hapo nawaomba msitegemee mwakilishi kama mimi peke yake. Tafuteni wakili kabla ya kuandika maelezo yoyote, hata yale ya kamati ya shule, kwa kuwa maelezo uliyoyaandika kwa ajili ya kamati yanaweza kusomwa mahakamani. Mjue pia kwamba katika nchi nyingi vipimo viwili hivi havilingani: mahakama ya jinai hutaka kosa lithibitike pasipo kuacha shaka ya maana, ilhali kamati ya nidhamu huangalia lipi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Ndiyo sababu mwalimu anaweza kuachiwa huru na mahakama na bado akaitwa na mwajiri wake. Wengi hudhani huko ni kuhukumiwa mara mbili, wakaja kwenye kamati na nakala ya hukumu pekee bila utetezi wowote, na wakapoteza kazi wakiwa wamebaki na mshangao.

Nizungumze kidogo kuhusu kusimamishwa kazi wakati uchunguzi unaendelea, kwa sababu hapa ndipo nimewaona watu wazima wakilia. Unaondoka shuleni katikati ya muhula. Darasa lako anapewa mwingine. Wenzako wanaacha kukupigia simu, wengine kwa kuogopa, wengine kwa kuwa wameagizwa wasizungumze nawe, na wewe huwezi kujua ni akina nani. Kusimamishwa kunapofanywa kwa haki si adhabu. Ni kumlinda mtoto, kuulinda ushahidi, na kukulinda wewe usije ukatuhumiwa kuuharibu. Uliza kwa maandishi kama ni kwa mshahara kamili, kwa muda gani, na utapitiwa upya lini. Usikanyage shuleni bila ruhusa, hata kuchukua mwavuli wako. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani ukweli wote, asije akaupata sokoni. Na kama usingizi umekuhama wiki ya pili sasa, nenda kwa daktari. Nimewahi kumwakilisha mwalimu aliyekuwa na utetezi mzuri kabisa lakini alifika mbele ya kamati akiwa amechoka kiasi kwamba hakuweza kutaja tarehe ya tukio lake mwenyewe.

Mbele ya kamati, sikiliza swali mpaka mwisho. Hesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo ndipo ujibu, na ujibu kilichoulizwa. Kama hukuelewa, omba lirudiwe. Kama mjumbe ana uhusiano na mlalamikaji au na wewe, sema mwanzoni, kwa heshima, kabla shauri halijaanza kusikilizwa, kwa sababu mtu hapaswi kuwa mwamuzi katika jambo lenye masilahi yake. Ukingoja mpaka umeshindwa ndipo useme, itaonekana ulikuwa umeiweka akiba. Mwakilishi wako akikugusa mkono, nyamaza.

Na kama uliyotuhumiwa nayo uliyatenda? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nje, baada ya mikutano kama huu, na ningependa leo nilijibu hapa ndani. Nitakuja kuketi ubavuni mwako hata hivyo, na nitahakikisha umesikilizwa, umeona ushahidi, na umepewa adhabu inayolingana na kosa, isiyozidi. Sitakusaidia kutunga uongo, wala sitamwuliza mtoto swali la kumchanganya. Kama kosa lako ni la hasira ya mara moja, la neno au la kofi, kulikiri mapema kwa maneno yaliyo wazi na kumwomba radhi mtoto kwa njia ambayo kamati itaielekeza kumewahi kuokoa kazi za walimu ninaowafahamu. Kama ni la kumdhalilisha mtoto, mahali pako si darasani, na nitakuambia hivyo ana kwa ana kabla ya mtu mwingine yeyote kukuambia.

Uamuzi ukitoka, uombe kwa maandishi na sababu zake. Soma tarehe ya mwisho ya rufaa siku hiyohiyo, kwani siku za rufaa ni chache na hazingoji mtu apoe. Ukiwa umeshinda, omba pia kwa maandishi kwamba jalada lako lirekebishwe na kwamba waliojulishwa kuhusu tuhuma wajulishwe kuhusu matokeo. Wengi hulisahau hili kwa furaha ya kurudi kazini, na miaka mitano baadaye, wakiomba uhamisho, wanaikuta ile karatasi ya kwanza bado iko juu ya jalada bila ile ya pili.

Ninajua, kwa idadi yetu humu ukumbini, kwamba huenda yupo mmoja wetu ambaye barua hiyo anayo sasa hivi mkobani na hajamwambia mtu. Sitaomba anyooshe mkono. Baada ya kikao nitakuwa katika chumba kidogo kilicho nyuma ya jukwaa, peke yangu, mpaka jioni. Njoo na barua, na bahasha yake usiitupe, kwa maana mhuri wa posta au tarehe ya kukabidhiwa iliyoandikwa juu yake ndiyo itakayotuonyesha siku zako za kujibu zilianza kuhesabiwa lini na zimebaki ngapi.